Nyumba Ndogo ya Zamani Haitaki Kelele

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwa kikao chetu cha watu wanaoishi nyumba za zamani hapa Kisumu. Wengi mlikosa, wengine mlifika chai ikiwa imeisha, kwa hivyo nimeiandika yote venye niliongea. Zile picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, mtaelewa tu bila hizo.

Asanteni. Hamjambo wote? Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajakunywa chai. Hamjambo? Haya, sasa nimesikia.

Wazee wetu, mama zetu, dada na ndugu zangu, na nyinyi vijana mmejibanza huko nyuma karibu na mlango ndio mtoroke mapema, nawaona. Nimeombwa niongee juu ya kupamba nyumba ndogo za zamani, zile za juu ya maduka huku mjini, zile kwota za reli, na zile fleti za ghorofa mbili tatu zilizojengwa kabla wengi wetu tuzaliwe. Mwenyekiti aliniomba pia nisitaje vitu vya bei ghali. Nikamwambia asijali, kwa hizi nyumba kazi yangu kubwa ni kutoa vitu, kuingiza ni kidogo sana.

Wangapi hapa wako na siling iko juu mpaka ukitaka kubadilisha balbu lazima uite jirani mwenye ngazi? Inueni mikono. Eh! Na wangapi wako na sakafu nyekundu, ile ya polishi? Na wangapi wameifunika na kapeti ya plastiki? Msiogope, leo hakuna kesi.

Basi kitu cha kwanza. Msipigane na nyumba. Narudia, msipigane na nyumba. Nyumba ya zamani ilishaamua mambo yake kabla upewe funguo. Imeamua sakafu ni ya rangi gani, imeamua dirisha liko wapi na jua litaingia saa ngapi, imeamua siling iko juu kiasi gani na mlango ni wa mbao gani. Hayo ndiyo mtaji wako. Ukianza kwa kuyaficha unabaki na nini? Unabaki na chumba kidogo cha kawaida kabisa, na kodi ni ile ile.

Hebu tukumbushane hizi nyumba zilitoka wapi. Reli ilifika hapa mwishoni mwa 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara Wahindi, Allidina Visram akiwa mmoja wa wale wakubwa, na wengi wakajenga kwa mtindo ule tunaujua, duka chini, familia juu, ua nyuma. Ukipita Oginga Odinga Street kesho inua macho kidogo, wacha kuangalia viatu kwa dirisha la duka. Utaona huko juu madirisha marefu, roshani ndogo, na kwa majengo mengine mwaka wa kujengwa umechongwa kwa simenti pale juu kabisa. Waliojenga hawakuwa na feni ya umeme ya kutegemea. Walijua tuko ziwani, tuko mita kama 1,130 tu juu ya usawa wa bahari, joto ni letu. Mtu wa Nakuru yuko karibu mita 1,850, yeye shida yake ni baridi ya usiku, na ndiyo maana nyumba ya Nakuru utakuta mahali pa moto ukutani na hapa kwetu utakuta matundu ya hewa kila mahali. Kila jengo linajibu swali la mahali pake.

Sasa sikizeni kisa. Kuna kijana mmoja wa benki alichukua fleti hapo juu ya maduka, sebule futi 10 kwa 12 hivi, siling futi 11. Mahali pazuri sana. Akaona kwa simu nyumba za watu, akaita fundi wa gipsam, wakashusha siling futi mbili, wakazungusha taa za bluu na zambarau pembeni, sebule ikawa kama matatu ya Kondele saa tatu usiku.

Chekeni tu, lakini ngojeni. Ile gipsam ilipita chini ya matundu ya hewa, yale ya wavu kule juu ya dirisha, ikayafungia juu. Na yale matundu kazi yake ni gani? Hewa moto hupanda, ikifika juu inatafuta pa kutokea, ikitoka inavuta hewa baridi iingie kwa dirisha chini, hiyo ndiyo feni ya nyumba ya zamani na haina bili. Februari ilipofika kijana akanipigia, ananiambia, "Madam, hii nyumba imekuwa jiko, nafikiri ni mabati." Haikuwa mabati jamani. Tuliteremsha gipsam yote, na huko juu tukakuta siling ya kwanza, mbao nyembamba zimeshikana moja kwa moja kutoka ukuta hadi ukuta, hazijaoza hata moja. Tukaziosha, tukazipaka nyeupe isiyong'aa, tukafungua matundu, tukaweka neti ya mbu kwa nyuma, basi. Hiyo ilikuwa karibu kazi yote ya hiyo sebule. Mgeni akiingia anaangalia juu, halafu anakaa chini polepole, na hakuna kitu kimeningʼinizwa.

Sisemi gipsam ni mbaya, kwa nyumba mpya ya slabu yenye nyaya zinaningʼinia itakusaidia. Lakini siling ya futi 11 ni kitu watu wanalipa pesa kuipata, wewe umeipata bure halafu unaishusha?

Mambo ya madirisha ni hayo hayo. Zile fremu za chuma zenye vioo vidogo vidogo watu wanazikata wanaweka za alumini za kuteleza. Dirisha la kuteleza hata ufanye nini halifunguki zaidi ya nusu, upande mmoja lazima ujifiche nyuma ya mwingine. Lile la chuma linafunguka lote. Kwa joto la Kisumu hiyo ni hasara umejiletea na fundi ukamlipa. Kutu inakwanguliwa, pati iliyokauka, ile inashika vioo, inabadilishwa, unapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza halafu rangi ya juu, na zile mistari za vioo zinakupa pambo tayari kwa ukuta, huhitaji tena stika ya maua.

Na ile sakafu nyekundu, ni simenti iliyotiwa oksidi ya chuma, ikasuguliwa na mwiko wa fundi mpaka ikateleza. Ukiona imekuwa nyeusi nyeusi usiseme imezeeka, ni polishi ya miaka mingi imelaliana pale. Maji moto kiasi, sabuni, brashi ngumu, toa ile polishi ya zamani yote, acha ikauke kabisa, halafu paka polishi kidogo, kidogo sana, usugue na kipande cha blanketi chini ya mguu venye mama zetu walifanya. Mtaona rangi itatoka pale, mtashangaa.

Kitu cha pili ni rangi ya ukuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa zinapotea.

Nani anachagua rangi ya ukuta kwa nyumba yako? Wewe? Mzee? Watoto? Hapana. Sakafu ndiyo inachagua, ikisaidiwa na jua.

Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu, anaishi kwa kwota moja ya zamani, alienda dukani akachagua krimu kwa ile kadi ya rangi, krimu nzuri tu. Fundi akapaka. Asubuhi mama anakunywa chai anaangalia ukuta, ni krimu. Saa tisa alasiri anarudi kutoka sokoni, ukuta ni pinki. Pinki kabisa. Akamgombeza fundi, fundi akaapa kwa jina la mama yake, wakabeba mkebe mpaka dukani, duka wakafungua mkebe mwingine wa namba hiyo hiyo wakapaka kwa karatasi, krimu. Wote wakabaki wanaangaliana. Nilipoitwa nilifika saa kumi, nikakaa tu kwa kiti nikaangalia. Dirisha la sebule liko magharibi. Jua linaingia likiwa chini, linapiga ile sakafu nyekundu iliyopigwa polishi vizuri na mama mwenyewe, na sakafu inarusha wekundu ukutani, kuanzia chini kwenda juu, ukiangalia vizuri unaona pale karibu na sakafu pinki imekolea na kule karibu na siling bado ni krimu. Fundi hakuwa na makosa. Duka halikuwa na makosa. Hata krimu haikuwa na makosa.

Tulifanya vitu viwili. Tukatandika mkeka mkubwa wa rangi ya nyasi kavu pale pale jua linapoangukia, na hiyo peke yake ilitoa karibu nusu ya pinki. Halafu tukapaka tena, safari hii nyeupe yenye ukijivu na ukijani kwa mbali, kijani ambacho ukiambiwa kiko huwezi kukiona. Kijani na nyekundu hupunguzana, wenye kuchanganya rangi wanajua. Sasa jioni ule ukuta unakuwa rangi ya mchanga, na mama anasema nyumba imepoa.

Kwa hivyo msinunue rangi kwa kadi. Chukua boksi la tivi, kata kipande kikubwa, kipake makoti mawili, kikikauka kitembeze. Kiweke ukutani asubuhi, kiweke saa sita, kiweke saa kumi na moja, kiweke usiku taa ikiwaka. Kama bado unakipenda baada ya hapo, nenda dukani.

Na muwe waangalifu na ushauri wa mitandaoni. Watu wa Uingereza wanaandika ati chumba kinachoangalia kaskazini ni cha baridi, cha kusini kina jua. Kwao ni kweli. Sisi tuko karibu juu ya ikweta, Juni jua liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, kwa hivyo hapa kwetu cha kuuliza ni kama dirisha liko mashariki ama magharibi. La mashariki unapata jua la chai. La magharibi unapata jua la hasira, na hapo ndipo rangi za joto joto kama njano na rangi ya chungwa zinakuchosha.

Rangi ngapi? Mimi nasema tatu kwa nyumba nzima, si kwa chumba. Nyumba nzima. Kuna ile kanuni ya 60, 30, 10, yaani asilimia 60 rangi kuu, 30 ya pili, 10 ile ya kuchokoza kidogo. Ni nzuri kama mwongozo, msitembee na kikokotoo. Lakini mkumbuke sakafu nyekundu tayari imechukua nafasi yake kwa hiyo hesabu, wewe umebakiwa na mbili. Nyumba ya vyumba viwili, milango ikiwa wazi unaona sebule, kolido na chumba cha kulala kwa wakati mmoja. Sasa ukiwa na sebule ya bluu, kolido ya njano na chumba cha zambarau, macho yatapumzika saa ngapi? Paka vyote rangi moja. Na jambo lingine watu wanaliogopa lakini linafanya kazi, zile mbao za chini ya ukuta na fremu za milango zipake rangi ile ile ya ukuta, tofauti iwe tu ukuta haungʼai na mbao zinangʼaa kidogo ndio zipanguswe. Chumba kidogo kikikatwa na mistari ya hudhurungi kila kona kinaonekana kidogo zaidi. Mlango wenyewe kama ni mvule ama mtiki wa zamani, huo achana nao, usafishe uupake mafuta. Ukipaka gloss juu ya mvule mimi na wewe tutakosana.

Hesabu ya haraka kwa wale wanaandika. Lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita mraba 10 hadi 12 kwa koti moja. Chumba cha mita 3 kwa 4, ukuta wa mita 3.3, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita mraba 42. Makoti mawili ni 84. Hiyo ni mikebe miwili ya lita nne. Fundi akikuambia ndoo ya lita 20, muulize hiyo ingine anaenda kupaka nyumba ya nani.

Kabla niache rangi, hili ni la maana na silitanii. Rangi za zamani za mafuta, hizo ziko kwa milango na madirisha ya hizi nyumba zetu, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni basi, lakini ile ya miaka hiyo hakuna aliyekuwa anapima. Usisugue na msasa mkavu. Lowesha kwanza, sugua ikiwa na maji, kusanya uchafu wote na kitambaa chenye maji, usifagie. Na watoto wadogo pamoja na mama mjamzito wasiwe ndani ya nyumba siku hiyo. Vumbi ya risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hairudi nyuma. Mmesikia? Haya.

Kitu cha tatu, vitu vyenyewe. Samani. Mizigo.

Familia moja, sitasema gani kwa sababu wako na majirani hapa, walinunua sofa ya watu saba ile ya herufi L. Nyumba iko juu, ngazi ni zile za zamani, nyembamba, zimesimama, zinakata kona katikati. Sofa ikapanda hadi kona ikakataa. Wakageuza, ikakataa. Wakatoa miguu yake, ikakataa. Wakaita vijana wa mkokoteni, wakafunga kamba, wakaanza kuivuta kupitia roshani, watu wa bodaboda wamesimama chini kila mtu ni injinia, huyu anasema vuteni kushoto, huyu anasema mnaua sofa. Ikaingia. Makofi barabara nzima. Halafu jioni baba anataka kulala, mlango wa chumba unafunguka nusu tu, sofa imeuzuia. Yule baba alikuwa anaingia kwake upande upande mpaka siku tuliiteremsha, na kuiteremsha ilikuwa kazi zaidi ya kuipandisha.

Kwa hivyo kabla ya pesa, magazeti. Tandika magazeti ya jana sakafuni kwa ukubwa wa kile kitu unataka kununua, halafu ishi nayo siku mbili. Pita hapo na sufuria ya ugali. Pita na mtoto mgongoni. Unahitaji kama sentimita 75 hivi za kupitia, na kati ya kiti na meza ya chai kama 40 au 45 ndio ufikie kikombe. Na chagua viti vyenye miguu, sakafu ikionekana chini ya kiti chumba kinaonekana kikubwa, sofa iliyokaa chini kama jiwe inakula sakafu yote.

Sasa mtaniuliza, vitu vyetu tuweke wapi? Nyumba ni ndogo, vitu ni vingi, hatuwezi kutupa. Wacha niwapeleke Lamu kidogo. Mji wa kale wa Lamu uko kwa orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ukiingia zile nyumba za mawe utashangaa vyumba ni vyembamba sana, virefu lakini vyembamba, karibu mita mbili na nusu hivi, tatu zikizidi. Sababu? Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Mti ndio uliamua upana wa chumba. Sasa wale watu wa pwani hawakulia ati nyumba ni ndogo. Walipaka chokaa nyeupe, ukuta wote, na kwa ukuta wa ndani kabisa wakachonga zidaka, vile vijishimo vya kuweka vitu, safu juu ya safu, za ukubwa unaofanana, ukuta mmoja. Sahani za kigeni, vitabu, vikombe, vyote vimeingia ndani ya ukuta, havijatokeza kukugonga bega. Kuta zingine zimeachwa. Chumba cha mita mbili na nusu na mtu anapumua.

Ukiwa kwa fleti yako hapa huwezi kuchonga ukuta wa landlodi, sawa. Lakini wazo lile lichukue. Chagua ukuta mmoja tu, weka kabati kutoka sakafu mpaka siling, kumbuka uko na futi 11, hizo za juu ndizo za sanduku na blanketi za wageni. Lipake rangi ya ukuta. Milango yake iwe ya kawaida bila mapambo. Halafu kuta zile zingine tatu ziache, usiziguse, najua mkono utawasha. Kalenda tatu za duka la dawa zinatosha kuharibu kazi yote.

Na vitambaa. Najua hapa nitapata maadui. Mama mkwe amekaa na uzi na sindano mwaka mzima akakushonea vitambaa vya kochi, vya meza, vya tivi, vya redio, mpaka friji iko na chake. Mimi siwezi kumwambia mtu avitupe, ile ni kazi ya mikono na ni heshima. Ninachosema ni hivi, vikiwa kila mahali hakuna anayeviona. Chukua kile kikubwa kilicho kizuri kuliko vyote, kiweke peke yake juu ya meza ya mbao, ama kitie kwa fremu ya kioo ukutani. Mama mkwe akija ataona kazi yake imepewa ukuta mzima. Hivyo vingine viwe kwa kabati, vibadilishwe zamu zamu, akija na rangi ya kijani unatoa ya kijani. (Mama mmoja hapo mbele anasema huyo mkwe anamjua. Pole, mama.)

Halafu vile unavyobaki navyo vielewane. Namna rahisi ni kurudia. Chagua malighafi tatu uzirudie nyumba nzima, mbao za rangi moja, nyasi ya kusuka, pamba. Hapa ziwani tuna bahati. Gugumaji lilipoingia ziwani karibu na 1990 lilitusumbua na bado linatusumbua, mashua zinakwama, samaki wanakosa hewa, lakini kuna watu hapa Kisumu wanakausha bua lake wanalisuka kuwa viti, vikapu, meza. Ukinunua angalia jambo moja tu, liwe limekauka kabisa, finya pale kwenye mkunjo, likiwa bado laini lina maji ndani litaota kuvu nyumbani kwako. Na mikeka ya mafunjo mnajua mahali pa kuipata. Kitu cha nyasi kikiwa sebuleni, kingine kwa kolido, kingine chumbani, jicho linatembea linakutana na ndugu zake, ndiyo utulivu huo watu wanautafuta kwa pesa nyingi. Kwa soko la Kibuye pia kuna mafundi wa mbao watakutengenezea kwa kipimo chako, nendeni na vipimo vimeandikwa, si kwa mikono hivi.

Mapazia nitaenda mbio. Fimbo iwe juu karibu na siling, si juu ya dirisha, ipite dirisha kila upande kama sentimita 15 au 20, na kitambaa kiguse sakafu. Pazia linaloishia katikati ya ukuta linakata chumba. Kitambaa kiwe na upana mara mbili ya dirisha ndio kikunjane vizuri. Hapa Kisumu pamba nyepesi, rangi ya ukuta au karibu yake. Mkiwa na jamaa Nakuru waambie waweke bitana.

Taa ni muhimu kuliko mapazia na hakuna anayeifikiria. Mtu amepaka vizuri, amepanga vizuri, usiku anawasha balbu moja nyeupe ya bluu bluu katikati ya siling, kila mtu anaonekana mgonjwa. Angalieni boksi ya balbu, kuna namba inaisha na K. Ile 6500K ni mwanga wa duka la nyama. Nyumbani chukua 2700K au 3000K, mwanga wa manjano manjano. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa kama lumeni 800, inatosha kusoma. Na siling ikiwa juu hivyo usitegemee ile ya katikati, weka taa mbili au tatu za chini, moja kwa meza, moja kwa kona, na zote ziwe namba moja ya K. Ukichanganya, ukuta mmoja unakuwa wa rangi mbili na ile kazi yetu ya krimu yote imeenda.

Haya, nimeona mkono. Ndiyo dada. Anauliza, yeye ni mpangaji, landlodi amekataza misumari, picha ataweka wapi?

Swali zuri. Kwanza angalia juu ya ukuta wako. Kwa nyumba zingine za wakati ule utakuta ubao mwembamba umezunguka chumba chote kule juu, chini ya siling kidogo. Watu wanafikiri ni urembo tu. Ule uliwekwa wa kuningʼinizia picha, unashikisha ndoano juu yake unateremsha uzi, hakuna msumari hata mmoja. Kama uko nao, landlodi wako alikuwa tayari amekujibu. Kama hauko nao, picha kubwa moja iegemee ukuta juu ya kabati fupi. Na hata ukipewa ruhusa usipigilie ovyo, lipu ya zamani ya chokaa inamwagika, utatoboa shimo la sumuni upate la sahani.

Mwingine? Mzee pale. Ukuta unatoka unyevu chini, umepakwa rangi ya kuzuia maji mara mbili na bado inabanduka. Mzee, usipake ya tatu. Ukuta wa chokaa unataka kupumua, ukiuziba na rangi ya plastiki ama lipu ya simenti maji yanabaki ndani yanapanda juu zaidi. Angalia nje kwanza, gata, mfereji, udongo umepanda umefika wapi kwa ukuta. Mara nyingi jibu liko nje na ni jembe tu linahitajika. Ikikauka ndani tutaongea rangi.

Nimeambiwa chai iko tayari na mandazi yanahesabiwa. Lakini yule wa ghorofa ya pili, wewe ndugu wa madirisha ya chuma, umesema fundi wa alumini anakuja Jumatatu asubuhi? Nipate hapa mbele kabla uende, na umpigie umwambie angoje kwanza mpaka niyaone.